Aliyetemea Mate Supu

Mwaka 1986 Paul Kimmage, kijana wa Dublin, aliingia katika mbio za baiskeli za kulipwa na timu ya Kifaransa ya RMO, na mwaka huohuo akamaliza Tour de France. Hakuwa nyota. Kazi yake ilikuwa kuwaletea viongozi wa timu chupa za maji na kuwakinga na upepo. Mwaka 1990, baada ya kustaafu, alitoa kitabu, Rough Ride. Humo alieleza jinsi dawa za kusisimua misuli zilivyozoeleka, na kwamba yeye mwenyewe alimeza amfetamini katika mbio ndogo ambako ilijulikana hakuna vipimo.

Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Aristotle kwamba tabia hujengwa kwa matendo yanayorudiwa. Kitabu hiki kinaonesha jambo hilo likitokea mwilini. Kwanza ilikuja sindano ya vitamini, kitu halali kabisa. Lakini aliyekwisha kuzoea sindano haulizi sana kilichomo katika ile inayofuata. Hapo ndipo kitabu kinapotutisha zaidi, kuliko kwenye amfetamini zenyewe.

Wenzake wengi walimkasirikia. Wafaransa humwita mtu wa namna hiyo aliyetemea mate supu. Wapo wanaosema, wakishika Mathayo 18, kwamba ndugu huonywa kwanza faraghani. (Ajabu ni kwamba aya hiyo hukumbukwa upesi zaidi siku siri inapotoka kuliko siku dhambi inapotendwa.) Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kuliona swali hili: dhambi ya siri inayowadhuru wengine yafaa ifichuliwe mara moja, isipokuwa kama kuna hakika kwamba onyo la faragha litaizuia. Na hapa waliodhurika walikuwepo: kila kijana msafi aliyerudishwa nyumbani kwa kuwa hakuwa na kasi ya kutosha.

Tunaona Kimmage alitenda haki, hasa kwa kuwa alianza na nafsi yake. Katika nyumba za malezi nasi tuna neno zuri, udugu. Mwenzetu anapoibia mtihani au kugusa fedha za jumuiya, tukanyamaza kwa jina la udugu, tunawatendea nini waumini watakaopokea padre huyo?

Mwaka 2012 Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yake saba ya Tour de France. Rough Ride ilikuwa na miaka 22 tangu itoke.