Kicheko cha Mpanda Nacho Kihesabiwe

Februari 2025 tuzo za wachekeshaji wa Tanzania zilitolewa Dar es Salaam mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Jambo hilo twalipongeza, kwani kuchekesha ni kazi, na kila kazi ya halali yastahili heshima yake.

Lakini tuzo haianzi jukwaani. Huanza siku majina yanapoteuliwa. Jina huteuliwa kwa kuwa lajulikana, nalo hujulikana upesi zaidi pale zilipo kamera za televisheni, yaani Dar es Salaam. Je, kijana wa Mpanda awachekeshaye wachukuzi wa stesheni na wachimbaji wa dhahabu atateuliwa na nani? Marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alitoka Tanga. Kipaji hakichagui mji.

Tena, wananchi wa Katavi, kama Watanzania wengine, wanayo shule ya kale ya kicheko, nayo ni utani. Mtani humwambia mkubwa ukweli hata msibani, wala hapana akasirikaye. Michezo mingi ya televisheni humcheka mtu wa shamba kwa lafudhi yake. Mtani humcheka mwenye cheo kwa makosa yake. Kipi kina manufaa zaidi kwa mfanyakazi?

Rai yetu ni hii: wateuzi wafike mikoani, wasikilize kwanza, ndipo waandike orodha, na wapime ukweli wa kichekesho, si umaarufu pekee. La sivyo, tuzo itaitwa ya taifa, kumbe ni ya mji mmoja.