Heshima ya Mzee Isingoje Kaburi

Katika kila kijiji cha Bariadi yuko mtu ambaye watu humwendea wanapogombana juu ya mpaka wa shamba, juu ya ukoo, au juu ya mwaka ambao njaa fulani iliingia. Mtu huyo hana ofisi wala mshahara. Pengine ana daftari moja lililochakaa, pengine hana hata hilo, ila kichwa chake tu. Akiulizwa, husema ni nani aliyelifyeka pori lile kwanza, ni mtemi gani aliyetawala wakati gani, na kwa nini kilima kile kinaitwa hivyo. Siku ya shida twamtafuta, shida ikiisha twamsahau. Akifa twachinja ng'ombe, twatoa hotuba nzuri, na yote aliyoyajua twayazika pamoja naye.

Sisi twasema kwamba mwendo huo haufai hata kidogo, na yatupasa kuuacha.

Mtu akitaka kujua hasara ya kumchelewesha mzee wa namna hiyo, asiende mbali. Maji ya mto wetu wa Simiyu huingia katika Ziwa Victoria, na ndani ya Ziwa hilo kiko kisiwa cha Ukerewe, jirani zetu wa siku zote. Huko aliishi Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alisomeshwa na wamisionari mpaka akajua lugha kadhaa za kigeni, na angeweza kabisa kuwadharau watu wa kwao kama walivyofanya wengine waliopata elimu zama hizo. Hakufanya hivyo. Aliona kwamba desturi za Wakerewe zinapotea, na kwamba watoto wa kesho hawatajua babu zao waliishi vipi. Basi akakaa chini akaandika, kwa lugha ya mama yake, Kikerewe.

Alichoandika ni hadithi ya mume na mke waliokosa mtoto. Lakini ndani ya hadithi hiyo mna maisha yote ya Ukerewe: namna ya kulima, kuvua samaki, kupika pombe, kuposa, kutibu, kupokea wageni, na kuzika. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo, na hakuna mkubwa aliyemwamuru. Alijitolea mwenyewe. Mwaka 1945 kazi ilikuwa imekwisha.

Sasa wananchi wasikilize yaliyofuata. Mwaka 1945 ulipita, kitabu hakikupigwa chapa. Uhuru ulikuja mwaka 1961, kitabu kilikuwa bado ni makaratasi. Mzee Kitereza akaambiwa kwamba kitabu cha Kikerewe hakitapata wasomaji, naye hakununa wala hakukata tamaa, bali akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kizima, akiwa mzee. Mwisho Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980 kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Miaka 35 ilikuwa imepita. Mwenyewe alifariki mwaka 1981, na nakala zilipofika zilimkuta hayupo tena. Baada yake Wajerumani walikitafsiri kwa lugha yao, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe. Leo wasomi wa nchi za mbali wanakisifu. Sifa ni njema, lakini anayestahili kuzisikia hazisikii.

Kitereza ana kitabu, walau. Je, wale wa kwetu wasio na kitabu itakuwaje?

Chama nacho kinao mfano wake. Saadani Abdu Kandoro, mshairi, alikuwa mmoja wa watu 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954, naye alikuwa amefanya kazi ya siasa katika Jimbo hili la Ziwa. Mwaka 1961 alitoa kitabu kiitwacho *Mwito wa Uhuru*. Kwa hiyo habari za harakati za Jimbo la Ziwa zimehifadhiwa na mtu aliyekuwamo, si na mtazamaji wa dirishani. Lakini Kandoro alikuwa mtu mmoja. Hakuweza kufika kila gulio na kila mti ambao watu walikutana chini yake.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Tangu mwisho wa mwaka 1954 hadi mwaka 1958 Serikali ya Mwingereza haikuruhusu TANU kuendesha matawi yake katika Usukuma. Wakati huo Bariadi yetu ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa. Watu hawakulala. Walishika ushirika wa pamba, wakaweka watu wao wa kuangalia mizani ili mkulima asipunjwe, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Cooperative Unions, ambayo kiongozi wake, Paul Bomani, alijulikana kila mahali penye mpamba. Mkulima aliyesimama mbele ya mizani akasema, "Pima tena," alikuwa anajifunza kudai nchi yake.

Habari hizo ziko wapi? Mmarekani mmoja, G. Andrew Maguire, alikuja Usukuma, akawauliza wazee wetu, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1969, kwa Kiingereza. Ndugu yetu Buluda Itandala aliandika historia ya Wabinza wa Usukuma mpaka mwaka 1890, akaikamilisha mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Dalhousie huko Kanada, nayo kwa Kiingereza. Hatuwalaumu hata kidogo. Twawashukuru, maana walifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Lakini chanzo cha vitabu hivyo ni vinywa vya wazee wa huku. Mtoto wa Dutwa au Itilima akitaka kujua habari za babu yake, je, ni haki kwamba aanze kwanza kujifunza Kiingereza?

Sisi wenyewe tumefunzwa ualimu, na twakiri kosa letu. Twaweza kumweleza mwanafunzi kwamba Stanley alifika kwenye Ziwa mwaka 1875 na kwamba aliudhania mto Simiyu kuwa mwanzo wa Nile upande wa kusini. Lakini mwanafunzi akituuliza ni nani waliokuwa wakiishi kando ya mto huo, walitawaliwa na nani, na walisema nini juu ya mgeni yule, twababaika. Wakoloni walituambia kwamba hatuna historia. Tukakasirika, tukawafukuza, kisha tukaendelea kuishi kama kwamba walisema kweli.

Mkoa wetu wa Simiyu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Mkoa waweza kuwa mchanga, lakini watu wake si wachanga. Hesabu ni rahisi: kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1958, TANU iliporuhusiwa, sasa amepita miaka 80. Waliokuwa watu wazima siku zile karibu wote wamekwisha. Hatuna miaka 35 ya kungoja kama alivyongoja Mzee Kitereza.

Tena liko jambo zito ambalo hatuwezi kulipita kimya. Katika Usukuma huu huu, kwa miaka mingi, akina mama vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Macho yao mekundu, yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka nenda miaka rudi, yalifanywa ushahidi. Aibu hiyo ni yetu, si ya mgeni. Bibi wa namna hiyo ndiye anayejua nyimbo za mavuno, majina ya dawa za porini, na watoto wa nani walizaliwa mwaka wa nzige. Mtu anayetoa hotuba ya kuwaheshimu wazee na huku akinyamaza wakati bibi wa jirani anapotishwa, huyo anadanganya. Heshima ya kwanza kwa mzee ni kumwacha aishi kwa amani nyumbani kwake. Mwanachama yeyote anayesikia fununu ya bibi kunyoshewa kidole, aende kwa viongozi na polisi siku ile ile, asingoje.

Wako watakaosema kwamba kazi ya historia yataka fedha na majumba makubwa. Majumba ni mazuri. Pale Bujora, karibu na Mwanza, padre David Clement wa Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma, akakusanya ngoma na vyombo vya watemi, akishirikiana na wazee na vyama vya ngoma vya Wagalu na Wagika. Kila mwananchi wa Simiyu akiweza, aende akaone. Lakini Kitereza hakuwa na jumba. Alikuwa na kalamu, karatasi, na moyo.

Basi twatoa shauri hili kwa kila tawi.

Kwanza, kila tawi lichague watu wawili, mmoja kijana anayejua kuandika vizuri na mwingine mtu mzima anayejua Kisukuma cha ndani, waende kwa wazee wa kijiji, wanaume na wanawake sawasawa. Wasiende kama polisi wa kuhoji. Waende kama wajukuu: waamkie kwa adabu, wakae chini, wangoje mzee amalize, wasimkatize.

Pili, waandike maneno kama yalivyosemwa, kwa Kisukuma, ndipo wafasiri. Mzee akisomewa yaliyoandikwa na kusema, "Hapo sivyo," parekebishwe mbele yake. Jina lake liandikwe juu, pamoja na kijiji na tarehe, kama mwenyewe akikubali. Picha au karatasi zake zisichukuliwe. Zinakiliwe na kurudishwa mkononi mwake. Wako wazee wengi waliotoa karatasi zao kwa wageni na hawakuziona tena.

Tatu, ziwekwe nakala mbili: moja katika shule ya kijiji, ambako walimu watazitumia darasani, na nyingine wilayani. Daftari moja huliwa na mchwa. Mawili yana nafuu.

Nne, na hili twalisema kwa wanachama wenzetu hasa, yasichaguliwe matamu tu. Mzee akisema kwamba mtemi fulani alikuwa mwema, iandikwe. Akisema kwamba mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, alitolewa kwenye nyumba yake na mahindi yake yakabaki shambani, nalo liandikwe, lisifutwe kwa kuwa halitupendezi. Chama kilichoogopwa na mkoloni kwa sababu kilisema kweli, hakiwezi leo kuiogopa kweli inayosemwa na mzee.

Tano, wale wanaoifanya kazi hii tangu zamani kwa kujitolea, watajwe wangali hai. Kila mwaka wakulima hukutana katika sherehe za Nane Nane, na viwanja vya Nyakabindi twavijua sote. Mkulima bora hupewa zawadi, na mfugaji bora naye hupewa. Ni haki. Twaomba viongozi wetu waongeze kiti kimoja mbele kwa ajili ya mzee aliyetunza historia ya watu wake. Apewe blanketi, apewe kipaza sauti, na watu wanyamaze wamsikilize. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya hema moja.

Tunajua kwamba wapo watakaocheka, waseme kwamba watu wanataka bei nzuri ya pamba na maji ya kunywa, si hadithi za kale. Twawajibu hivi: bei ya pamba ilipiganiwa na nani kwanza? Kwa njia gani? Walishinda wapi, na wapi walidanganywa? Asiyejua hayo atadanganywa tena kwenye mizani ile ile, na atadhani kwamba ni jambo jipya.

Mzee Kitereza alifanya sehemu yake, akatangulia. Wazee wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega bado wako barazani jioni hii, wanaota moto. Wanangoja aje mtu awaulize. Nendeni mkawaulize.