Kifaduro: kijidudu kinabadilika, chanjo ingali ngao

Mama amepeleka mtoto kuchanjwa, na bado kifaduro kimeingia nyumbani mwake. Je, chanjo ni ya bure? Swali hili tunalisikia hata katika makanisa yetu, nalo linastahili jibu la kweli.

Uholanzi iliulizwa swali hilo mwaka 1996. Karibu watoto wote walikuwa wamechanjwa, lakini kifaduro kilirudi kwa nguvu. Watafiti walichukua bakteria wa wagonjwa waliotunzwa maabara tangu 1949, wakalinganisha jeni zao na za bakteria wa chanjo. Waliona tofauti katika protini mbili: pertaktini, inayomsaidia bakteria kunata kwenye njia ya hewa, na sumu ya kifaduro yenyewe. Mwaka 2014 utafiti mwingine ulisoma bakteria 343 kutoka nchi mbalimbali, waliokusanywa kati ya 1920 na 2010. Ulionyesha mabadiliko katika jeni za protini zinazohusika na kinga, ambayo yanaweza kuhusishwa na kuanza kwa chanjo.

Kwa hiyo adui amebadili vazi. Lakini hiyo si sababu pekee. Kinga ya kifaduro hupungua kadiri miaka inavyopita, iwe ilitokana na chanjo au na ugonjwa wenyewe. Tena chanjo si za aina moja. Nchi nyingi tajiri hutumia chanjo yenye protini chache tu. Huko Australia na Marekani bakteria wasio na pertaktini wameenea. Hapa Congo, chanjo ya pentavalenti ina bakteria mzima aliyeuawa. Mwili hujifunza alama nyingi, hata moja ikibadilika.

Basi tusiseme kwamba chanjo haifai. Aliyechanjwa akiugua, kwa kawaida huugua kwa wepesi. Anayekufa kwa kifaduro mara nyingi ni mtoto mchanga ambaye hajamaliza dozi zake, na anayemwambukiza mara nyingi ni mtu wa nyumbani anayekohoa.

Tunawaomba wachungaji, wamama wa kanisa na wauguzi wa vituo vyetu wakumbushe wazazi: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bila kuruka hata moja. Na mwenye kikohozi asimbebe mtoto mchanga. Watafiti waendelee kumchunguza kijidudu. Sisi tusichelewe kuwafikisha watoto kwenye chanjo.