MWALIMU WA HISTORIA NAYE ASOME!

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Somo tamu la historia nalo ni vivyo hivyo: limeundwa na mwalimu aliyeandaliwa. Hebu leo tuvuke bahari hadi Marekani, tuone walivyojaribu kuwaandaa walimu wao, kisha nitoe maoni yangu.

Mwaka wa 2001, kwa juhudi za Seneta Robert Byrd wa West Virginia, Bunge la nchi hiyo lilianzisha ruzuku za kuboresha ufundishaji wa historia ya Marekani. Mwaka wa kwanza zilitengwa dola milioni 50. Wilaya ya elimu iliyotaka fedha hizo ilitakiwa kushirikiana na chuo kikuu, maktaba, jumba la makumbusho au chama cha historia. Walimu waliokuwa kazini wakageuka wanafunzi tena. Walikaa na wanahistoria na kusoma barua, hotuba na hati za kale zenyewe.

Wapo watakaouliza, "Ya nini haya yote? Si kitabu kipo?" Jamani, kitabu peke yake hakitoshi. Chukua Azimio la Uhuru la 1776. Linatangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, ilhali mwandishi wake mkuu, Thomas Jefferson, alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Mwanafunzi mwerevu atauliza, "Mwalimu, iliwezekanaje?" Mwalimu aliyekariri tarehe tu atasema, "Hiyo haiji kwenye mtihani, kaa chini!" Lakini aliyefunzwa vizuri ataleta darasani Azimio lenyewe, pamoja na tangazo ambalo Jefferson aliliweka gazetini mwaka wa 1769 akimtafuta mtumwa wake aliyetoroka. Kisha atawaachia wanafunzi wapime wenyewe. Hiyo ndiyo historia!

Tena kuna mambo yaliyofichwa. Mwaka wa 1921, mjini Tulsa, Oklahoma, kundi la Wazungu lilivamia mtaa wa Greenwood, likaua watu weusi na kuchoma nyumba zao zaidi ya 1,000. Kwa miongo mingi shule za jimbo hilohilo zilinyamaza kimya. Sasa niulize: mwalimu aliyekulia katika kimya hicho atafundishaje asichowahi kufundishwa? Asiposoma upya, atakirithisha kimya kile kwa watoto wa wenzake, nao watadhani ni ukweli.

Kwa hivyo naunga mkono mpango ule, ila nina lawama mbili. Kwanza, baada ya mwaka wa 2011 Bunge liliacha kuugharimia. Elimu ya mwalimu si mvua ya msimu, eti inyeshe miaka kumi halafu ukame. Pili, mafunzo ya kusikiliza mhadhara na kurudi nyumbani na cheti hayafai kitu. Mwalimu ashike hati, aulize, abishane, kisha aijaribu kazi hiyo darasani.

Sisi huku tunaosoma habari za biashara ya watumwa ya Atlantiki na serikali ya Marekani, jambo hili latuhusu. Mwanafunzi mwenzangu, ukiona mwalimu wako anabeba vitabu kwenda masomoni wakati wa likizo, usimcheke. Anakwenda kukutafutia majibu ya maswali yako. Elimu ni bahari, na mwalimu pia huogelea humo.

Tafakari hayo.