MAMBO YA NYUMBANI: Koti Lenye Bitana Lililoshonwa Kator

Watu wengi waliozoea cherehani hushona sketi, magauni, sare za shule na hata suruali bila ya woga, lakini wakifika kwenye koti lenye bitana huweka mkasi chini na kusema kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Woga huo una sababu. Koti ni nguo mbili zilizotiwa moja ndani ya nyingine: ya nje ionekanayo, na ya ndani isiyoonekana ambayo ikikosewa huivuta na kuipotosha ile ya nje. Kati yake hukaa kitambaa kigumu cha kushikilia kifua na ukosi. Hata hivyo hamna ndani ya koti mshono mmoja ambao mtu ajuaye kushona vizuri hawezi kuufanya, ikiwa atakubali kwenda polepole na kufumua pale alipokosea.

Yupo mama mmoja wa Kator, mjini Juba, mjane wa sajini wa polisi, aliyejishonea koti la namna hiyo kwa cherehani ya mkono. Nyumba yake si mbali na Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa. Kushona alijifunza Uganda, katika makazi ya wakimbizi, alikokimbilia pamoja na mama mkwe na watoto wanne baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016. Huko ndiko pia alikozoea Kiswahili, maana sokoni hakuna aliyemngojea atafute maneno. Alishona sare za shule nyingi sana, lakini koti hakuwahi kulijaribu. Aliporudi Kator akapata kazi ya ukarani, naye akapewa wiki tatu kabla ya kuripoti.

Yawezekana msomaji akauliza kwa nini asinunue koti la mtumba katika soko la Konyo Konyo. Alikwenda, tena siku mbili. Makoti ya mitumba yapo, na mengine ni ya kitambaa kizuri kuliko kile ambacho mtu angeweza kukinunua kipya. Lakini yameshonwa kwa miili ya watu wengine. Lililomtosha mabegani lilimbana kifuani, na lililomtosha kifuani lilimfanya aonekane kama mtoto aliyejifunika blanketi. Basi alichukua akiba yote aliyokuwa nayo akanunua mita 2 na robo za kitambaa cha suti chenye upana wa sentimita 150, na bitana mita 1 na robo tatu. Kitambaa hicho kikiharibika, hakukuwa na fedha ya kingine.

Nyumbani palikuwa na koti moja tu la kumfundisha, nalo lilikuwa la marehemu. Sajini alilivaa tarehe 9 Julai 2011, siku ya uhuru, kwenye viwanja vya kaburi la Dkt. John Garang, na baada ya hapo alilivaa kwa nadra sana. Lilivuka mpaka likiwa ndani ya furushi la nguo na kurudi hivyo hivyo. Mjane alipolitandaza juu ya meza akashika wembe, mama mkwe alisimama mlangoni.

"Hilo ni koti la mwanangu."

"Mama, halitakatwa. Litafumuliwa tu, nami nitalirudisha kama lilivyokuwa."

Mzee yule hakujibu, akaenda kukaa nje. Wembe ulilala mezani siku mbili. Siku ya tatu mama mkwe mwenyewe ndiye aliyesema: "Fumua upande mmoja. Upande mwingine uache, nimwone."

Huenda hakujua kwamba alikuwa ametoa shauri ambalo fundi hodari angelitoa. Koti lina pande mbili zinazofanana, na anayefumua upande mmoja tu hupata vipande vya kuchora kiolezo, huku upande wa pili ukibaki mzima kumwonyesha jinsi vipande hivyo vinavyoungana. Aliyefumua koti zima hubaki na rundo la vitambaa na hana wa kumwuliza. Mjane alifumua upande wa kulia: mkono, kifua, ubavu, nusu ya mgongo, na ukosi hadi katikati. Kila kipande kilipotoka alikiandika namba kwa chaki, akakipiga pasi bila kukivuta, akakizungushia kalamu juu ya magazeti ya kale. Hakusahau kuchora mshale wa uzi wa kitambaa, yaani ule uelekeo wa nyuzi zinazokwenda urefu wa jora. Kipande kilichokatwa nje ya uzi huo hulegea upande mmoja baada ya kufuliwa, na hakuna pasi itakayokirudisha.

Kiolezo hicho kilikuwa cha umbo tu, si cha kipimo. Sajini alikuwa mtu wa mabega mapana, na koti lake lilimzidi mkewe sentimita 3 kila bega. Zaidi ya hayo, koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu, na la mwanamke hufungwa upande wa kulia ukiwa juu. Asiyekumbuka hilo hutoboa matundu ya vifungo upande usiofaa, na tundu likishatobolewa halizibiki. Kwa hiyo mjane alijipima upya: kifua, kiuno, nyonga, upana wa mgongo, urefu kutoka shingoni hadi kiunoni, na urefu wa mkono ukiwa umekunjwa kidogo. Kwenye kifua aliongeza sentimita 10 juu ya kipimo cha mwili, kwa sababu koti huvaliwa juu ya nguo nyingine na mvaaji sharti apumue.

Kisha, badala ya kugusa kitambaa cha suti, alikata koti zima kwa amerikani na kulishona kwa mishono mirefu ya kufumuka upesi. Hapa ndipo wengi wanapofanya ubahili usio na faida. Amerikani ni rahisi, na makosa yote ya koti hili yalimalizikia huko.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye kwapa. Alipoinua mkono kama mtu anayeandika ubaoni, koti zima lilipanda juu na ukosi ukamgusa masikio. Akadhani tundu la mkono ni dogo, akachukua chaki alichimbe zaidi chini ya kwapa. Kwa bahati alikuwa amelipeleka koti kwa fundi mzee wa jirani, naye alimzuia mkono.

"Mwanangu, usikate. Ukichimba, litapanda zaidi."

"Lakini, baba, linanibana."

"Halikubani. Liko mbali nawe."

Jambo hili halieleweki mpaka mtu alijaribu. Tundu la mkono likiwa chini sana, mkono wa koti huungana na kiwiliwili mbali na mahali ambapo mkono wa mtu unaanzia. Kwa hiyo mkono ukiinuka hulivuta koti lote. Tundu likiwa juu, karibu na kwapa, mkono hutembea peke yake na koti likatulia. Fundi alimshonea kiraka cha amerikani cha sentimita 2 chini ya kwapa, na kiasi kama hicho kwenye mkono. Mjane aliinua mkono tena, na safari hii ukosi haukusogea. Askari aliyewahi kupewa koti la sare lenye makwapa yaliyoteremka kisha akatakiwa apige saluti anajua vyema kinachosemwa hapa.

Ndipo kitambaa chenyewe kikakatwa, baada ya kupigwa pasi juu ya kitambaa kibichi ili kinywee kabla, si baadaye. Pasi yake ni ya makaa, na majivu yake hayana adabu; kila mara aliipeperusha nje ya mlango na kuweka kitambaa safi katikati. Kichwa cha mkono kilikuwa kirefu kuliko tundu lake kwa sentimita 3 na nusu, na hilo si kosa, maana ule ziada ndio unaolipa bega umbo la mviringo. Alipitisha nyuzi mbili za bandi, akazivuta taratibu mpaka ziada ikaenea bila mkunjo, akaishusha kwa mvuke wa pasi, na hapo tu akashona. Mkono wa kushoto aliufumua mara tatu.

Kuhusu bitana, joto la Juba ni la kuzingatiwa, maana mwezi Machi mchana hupita nyuzi 35. Bitana ya nailoni mwili mzima humfanya mvaaji ajute. Mjane alitia pamba nyepesi kifuani, mgongoni akaifikisha nusu tu, na ile yenye kuteleza akaiweka mikononi, kwa kuwa pamba hung'ang'ania mkono wa blauzi. Bitana isikatwe sawasawa na koti. Mgongoni huachiwa mkunjo wa sentimita 2 hivi katikati, ili mtu anapoinama ifunguke badala ya kupasuka. Chini ya kwapa huinuliwa sentimita moja zaidi, kwa kuwa inapita juu ya mshono uliosimama. Na kwenye pindo la mkono huachwa legelege kidogo. Bitana nyingi za makoti ya mitumba zilizochanika kwapani zilichanika kwa sababu fundi alibania hiyo sentimita moja.

Koti lilikwisha siku mbili kabla ya kuripoti kazini. Ukosi una kasoro upande mmoja, ambayo haionekani ila kwa ajuaye mahali pa kutazama. Siku hizo mbili zilizobaki hazikutumika kupumzika. Mjane aliketi na vipande vya koti la sajini, akafuata namba za chaki na alama za mishono ya zamani, akavirudisha kimoja kimoja, huku mama mkwe amekaa kwenye kigoda akimshikia taa. Lilipokamilika mama mkwe alimwita mjukuu wake mkubwa, kijana wa miaka kumi na sita, akamvika. Mabega bado yanamzidi. Mzee alilivua, akalikung'uta, akalitundika tena mahali pake nyuma ya mlango.