Vitambulisho na wahamiaji haramu: Haki haipimwi kwa jina wala kwa kabila

 

 Ndugu Waislamu, mnamo Februari 5, 2025, Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir tangazo la kuondoa msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa wakazi wa kaunti za mpakani kabla ya kupewa vitambulisho vya kitaifa. Wengi katika eneo la Kaskazini Mashariki walilipokea kwa furaha. Kwingineko nchini, baadhi ya wanasiasa wa upinzani walidai kwamba mlango umefunguliwa kwa wahamiaji haramu na magaidi, na kwamba kinachotafutwa ni kura za mwaka 2027. Mjadala huo uliwagawa Wakenya, na katika kelele zake swali lenyewe likapotea: je, msasa ule uliwahi kuilinda nchi dhidi ya uhamiaji haramu? Maoni yetu ni kwamba haukuilinda. Ulimlemea raia maskini, huku mwenye fedha akijipitia.

Tuanze na asili ya jambo hili. Baada ya Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, eneo la kaskazini lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wote waliotimiza umri wa utu uzima wahakikiwe upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi za kuonyesha kwamba wao ni Wakenya kweli. Mkikuyu, Mluo au Mkamba hakutakiwa kuwa na kadi ya pili juu ya kitambulisho chake. Tangu hapo ikazoeleka kwamba kuna raia anayeaminiwa kwa neno lake, na raia anayetakiwa kuuthibitisha uraia wake kila anaposimamishwa.

Kwa vijana wa Garissa, Wajir na Mandera, na hata kwa Wanubi wa Kibera na Waislamu wengi wa Mombasa na Lamu, msasa ulikuwa na sura moja. Kijana aliyetimiza miaka 18 aliambiwa alete hati za baba na za babu, kisha afike mbele ya kamati ya wazee, chifu na maafisa wa usalama. Kamati ilikutana siku maalumu tu. Akikosa siku hiyo, alingoja nyingine. Wenziwe wa maeneo mengine wakawa wameshaingia chuoni, wameshaomba mkopo wa masomo, wamesajili laini za simu na kufungua akaunti za benki. Yeye alibaki hawezi kuajiriwa, hawezi kupiga kura, wala hawezi kuomba pasipoti ya kwendea Hija. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Hawa ni watu ambao mababu zao waliletwa na jeshi la Mwingereza kutoka Sudan kabla Kenya haijapata jina hili.

Katiba ya mwaka 2010 iko wazi. Kifungu cha 14 kinamfanya kuwa raia kwa kuzaliwa kila mtu ambaye siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati za usajili. Vifungu hivyo havikutaja rangi, vazi, lahaja wala jina la mtu.

Ndugu msomaji, kosa kubwa la siasa zetu ni kuwaita watu watatu tofauti kwa jina moja la mhamiaji haramu.

Wa kwanza ni raia asiye na karatasi. Miongoni mwao wamo maelfu ya Wakenya wa Kaskazini Mashariki ambao, wakati wa ukame na njaa, wazazi wao waliwaandikisha katika kambi za Dadaab ili wapate mgao wa chakula. Walipofika miaka 18, alama za vidole vyao zilionekana katika orodha ya wakimbizi, wakanyimwa kitambulisho cha nchi yao. Mtoto aliandikishwa kwa sababu ya njaa, naye alipokua akanyimwa uraia kwa sababu ya orodha.

Wa pili ni mkimbizi. Huyu amekimbia vita na mateso, na sheria inamtambua. Dadaab ilianzishwa mwaka 1991 Somalia ilipoporomoka. Serikali ilipotaka kuifunga, Mahakama Kuu ilizuia hatua hiyo Februari 2017. Katika dini yetu, Surat At-Tawba aya ya 6 inamwamrisha Muislamu kumpa hifadhi hata mshirikina anayeiomba, kisha amfikishe mahali pa amani yake. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya asiyekuwa wa dini yetu, mkimbizi anayeomba hifadhi kwetu tutamfukuza kwa hoja gani?

Wa tatu ndiye aliyevuka mpaka kwa siri bila ruhusa. Huyu yupo, wala hatumfichi. Vijana wa Kiethiopia hupitishwa Moyale na Isiolo wakielekea Afrika Kusini, wakisafirishwa na mawakala wanaowatoza fedha nyingi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 imeweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu kwa anayeingia au kukaa nchini kinyume cha sheria. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, na Muislamu anapoingia katika nchi ya watu analazimika kutimiza masharti yake, kwa sababu Surat Al-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza ahadi.

Sasa tujiulize: huyu wa tatu anapitaje? Mpaka wetu na Somalia una urefu wa takriban kilomita 680. Uzio uliotangazwa mwaka 2015 haukufika mbali. Lakini gari lililobeba vijana kutoka Moyale hadi Nairobi hupita vizuizi vya polisi njia nzima. Kila kizuizi kinachofunguliwa kwa kitu kidogo ni mpaka uliouzwa. Anayelipa anapita, na huenda akapata hata kitambulisho. Asiyekuwa na kitu, hata kama babu yake amezikwa Wajir, anaambiwa arudi mwezi ujao.

Tuliliona jambo hili Aprili 2014. Baada ya milipuko iliyowaua watu Eastleigh, serikali ilianzisha Operesheni Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengine wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Walikuwemo wakimbizi wenye hati na Wakenya wenye vitambulisho. Watetezi wa haki za binadamu waliorodhesha malalamiko mengi ya watu waliodaiwa fedha ili waachiliwe. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, msomi wa sheria, mwana wa chifu wa Mandera. Msako wa kabila zima haukumfikia, kwa kuwa uovu wake ulikuwa moyoni, na karatasi zake zilikuwa sahihi.

Wanaotetea msasa husema hofu yao ni ya kweli. Ni kweli, damu ya watu wasio na hatia si jambo dogo, na waliouawa walikuwa watoto wa nchi hii. Lakini hofu haibatilishi haki. Katika Surat Al-Maida aya ya 8, Allah (SW) anatuonya tusiache kuwachukia watu kutuondoe katika uadilifu. Zaidi ya hayo, afisa wa usalama humhitaji mwananchi amletee habari za mhalifu. Kijana aliyedhalilishwa miaka mitatu mlangoni mwa ofisi atakuwa na moyo gani wa kuipelekea habari ofisi hiyo hiyo?

Historia yetu ina mfano wa mtawala aliyeletewa kesi ya wahamiaji. Waislamu wa mwanzo walipohamia Habash, Makuraishi waliwatuma Amr bin Al-As na mwenzake wakiwa na zawadi kwa wakuu wa dini na kwa mfalme, ili wahamiaji wakabidhiwe bila kusikilizwa. Wakuu wale walishauri wakabidhiwe. Najashi alikataa mpaka awasikilize wenyewe. Jaafar bin Abi Talib alipomaliza hoja yake, mfalme aliwapa hifadhi na kuamuru zawadi zirudishwe, kwa kuwa aliziona ni rushwa. Hakuwa Muislamu wakati ule. Alimsikiliza kila mtu kwa hoja yake na hakuuza hukumu. Hayo mawili ndiyo tunayoyataka mipakani na katika ofisi za usajili.

Hata hivyo, tusielekeze kidole upande mmoja. Wamo miongoni mwetu wazee waliokula fedha wakashuhudia kwamba mgeni ni mtoto wa ukoo wao. Wamo machifu wa dini yetu waliouza barua. Ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Mtume (SAW) alipoutaja alikuwa ameegemea, akaketi, akaurudia mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Na wafasiri wanasimulia kuhusu aya za 105 na kuendelea za Surat An-Nisaa kwamba ziliteremka pale jamaa wa mtu mmoja wa Madina walipomtetea mwizi wao na kumsingizia Myahudi. Qur'ani ilimtakasa Myahudi na kumfedhehesha aliyejiita mwenzetu. Kumficha mhalifu kwa sababu anaswali pamoja nasi si udugu wa Kiislamu, na mzee anayeuza ushahidi ndiye anayewapa wapinzani wetu hoja ya kuturudishia msasa.

Tunashauri nini? Kwanza, tangazo la rais ni jema, lakini yaliyotangazwa na rais mmoja yanaweza kuondolewa na mwingine. Wabunge wa maeneo haya wahakikishe kwamba usawa wa kupata kitambulisho umewekwa katika sheria ya Bunge, na masharti yawe mamoja kutoka Busia hadi Mandera. Pili, atakayetiliwa shaka ajulishwe sababu kwa maandishi, apewe muda na nafasi ya kukata rufaa. Tatu, wakala wa magendo ya binadamu na afisa anayempokea washtakiwe kwa uzito kuliko kijana mwenye njaa aliyepatikana ndani ya lori.

Na kwenu wazazi: haki hulindwa kwa ushahidi. Mtoto akizaliwa nyumbani, pelekeni habari kwa naibu wa chifu kabla ya miezi sita kupita, mfuatilie cheti cha kuzaliwa, na msimwache msichana nyuma. Hifadhini hati za babu na bibi. Imamu asaidie msikitini, mwalimu wa madrasa awakumbushe wazazi. Mwanasiasa atakayewaambia kwamba kitambulisho ni zawadi yake, mkumbusheni kwamba Katiba ilitangulia kabla yake.

Tunamwomba Allah (SW) aijaalie nchi yetu amani, awape viongozi wetu uadilifu, na atuepushe sisi na watoto wetu na dhuluma, tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin. Wallahu aalam.