Ufundi wa jua kali unangojea chaki ya mwalimu

Yeyote apitaye karibu na karakana ya jua kali katika mji wowote wa nchi hii hakosi kuona haya: pikipiki imelazwa ubavu, gurudumu lake la nyuma limetolewa, na fundi kijana ameinama juu ya chuma chenye umbo la uma, akikichomelea kwa moto wa umeme. Chuma hicho ndicho mkono unaolishika gurudumu la nyuma na kuliunganisha na fremu. Huenda umepasuka kwa uzito wa magunia, au mwenyewe ametaka urefushwe au uongezwe unene ili uhimili shehena kubwa zaidi. Jioni ikifika, pikipiki itakuwa barabarani tena, na abiria atakayeipanda hatauliza ni nani aliyeuunga mkono huo, wala aliupima kwa nini.

Swali hilo lisiloulizwa ndilo ninalotaka tulitafakari leo, hasa walimu na wanafunzi, kwa sababu jibu lake limo katika vitabu vyao.

Kazi ya kujiundia mkono wa gurudumu si yetu pekee. Nchini Marekani ni jambo la kawaida kwa watu wenye vigari vya kupita porini na mchangani, vile vinavyoendeshwa kwa usukani wa pikipiki, kuifanya nyumbani kwao. Kampuni ya Honda ilianza kuuza huko kigari cha namna hiyo chenye magurudumu matatu mnamo 1970, kikitegemea upepo wa matairi yake manene kupunguza mishtuko. Baadaye yakaja magurudumu manne, springi na mikono ya nyuma inayopanda na kushuka. Wenye vigari vya Yamaha Banshee, vilivyoingia sokoni humo mwaka wa 1987, walipata sifa kwa kuirefusha mikono hiyo. Sababu yao ilikuwa wazi: katika kupanda kilima cha mchanga kwa kasi, sehemu ya mbele huinuka na kumpindua dereva, gurudumu la nyuma likisogezwa nyuma zaidi, kigari hutulia.

Hata hivyo, faida hiyo ina malipo yake. Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma kanuni ya wenzo anaweza kuyahesabu. Tuseme mkono una urefu wa sentimita 45 kutoka kwenye egemeo hadi kwenye ekseli, na springi imefungwa sentimita 30 kutoka kwenye egemeo. Mzigo wa kilo 100 ukikalia gurudumu, springi hubeba sawa na kilo 150. Mkono ukirefushwa hadi sentimita 60, na springi ikaachwa pale pale, mzigo ule ule huwa kilo 200 kwa springi. Aliyetaka kubeba zaidi ameiongezea springi yake mzigo kwa thuluthi nzima, na hajaongeza hata gunia moja.

Tena kuna suala la unyoofu. Chuma kilichochomelewa hunywea kinapopoa, na katika kunywea huvuta upande mmoja. Mkono uliokuwa sawasawa asubuhi waweza kuwa umepinda adhuhuri bila ya jicho kuona. Chukua mkono wenye upana wa sentimita 25, ambao upande mmoja umezidi mwingine kwa milimita 3 tu. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 litakaa mshazari, na ukingo wake wa mbele na ule wa nyuma utatofautiana kwa zaidi ya milimita 7. Mnyororo utayatafuna meno ya sproketi, tairi litaisha upande mmoja, na pikipiki itamvuta dereva pembeni kila akikaza breki.

Fundi mzoefu huijua hatari hii, naye hujikinga. Huufunga mkono kwenye meza ya chuma, akapitisha vyuma vya duara katika matundu ya egemeo na ya ekseli ili yasihame. Huanza kwa nukta ndogo za moto, kulia kisha kushoto, ndipo amalizie. Akiunganisha bomba, hutia kipande kingine ndani yake na kulikata kwa mshazari, ili kiungo kisiuzunguke mkono mahali pamoja na kuwa mwanzo wa ufa. Wala hatumii bomba la maji lililopakwa zinki, kwa maana moshi wake humletea homa. Ila fundi wa namna hii aliyapata hayo kwa kupigwa na ulimwengu. Aliye jirani yake huenda bado anapigwa, na kila pigo lina abiria juu yake.

Wapo watakaosema dawa ni moja: vipuri vyote vitoke kiwandani, na fundi wa kando ya barabara apigwe marufuku. Hoja hii ina mvuto, lakini historia ya vile vigari vya magurudumu matatu inaikanusha. Vilitoka viwandani, vikiwa na nembo za kampuni kubwa za Japani. Licha ya hayo vilipinduka na kujeruhi watu wengi mno, wakiwamo watoto, hata mnamo 1988 kampuni hizo zikakubaliana na serikali ya Marekani mbele ya mahakama kuacha kuviuza vipya nchini humo. Nembo ya kiwanda si hirizi. Kinachomlinda mwanadamu ni kupimwa kwa kitu kabla ya kukikabidhi maisha yake, kiwe kimetoka Tokyo au Kamukunji.

Aidha, marufuku hiyo haingetekelezeka. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki ndogo, bodaboda zimekuwa miguu ya taifa. Zinabeba wajawazito usiku, maziwa alfajiri, na mitungi ya gesi mchana. Sheria inaruhusu abiria mmoja. Barabara zetu zinajua wanaopanda ni wangapi. Chuma kilichoundiwa watu wawili kikibebeshwa wanne kitavunjika tu, na kikivunjika kijijini, atakayeitwa ni fundi wa jua kali. Kumfukuza ni kumfanya aunge vyuma usiku badala ya mchana.

Tatizo letu, basi, ni kwamba tumewatenganisha wawili waliostahili kuwa pamoja: mkono unaojua kuunda na akili inayojua kupima. Wala hatukukosa onyo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka wa 1972 kuhusu Kenya iliitaka serikali iache kuwadharau hawa waliojiajiri wenyewe. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, wazazi walichanga fedha za kujenga karakana shuleni ili kila mtoto ashike randa na nyundo. Mwaka wa 1992 ukatolewa waraka rasmi wa serikali kuhusu biashara ndogo na jua kali. Lakini karakana nyingi za shule hazikupata vifaa, wazazi wakachoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo ya ufundi yakaondolewa katika mitihani ya shule za msingi. Tukabaki na mwanafunzi anayeandika kanuni ya wenzo bila kosa na asiyejua kushika spana, na fundi anayeshika spana tangu utotoni ambaye hakuna aliyemwambia kwamba anachokifanya kina kanuni.

Mtaala wa umilisi umetupa nafasi ya pili, kwani wanafunzi wa sekondari msingi sasa hufundishwa somo la awali la kiufundi. Nafasi hiyo itapotea kama ile ya kwanza iwapo somo litaishia katika kuchora mashine daftarini. Mwalimu aliye na karakana umbali wa hatua mia mbili kutoka langoni mwa shule hana sababu ya kulia kwamba hana maabara. Na awapeleke wanafunzi wakiwa na rula, uzi na daftari, wapime mkono wa gurudumu pande zote mbili, kisha wamwonyeshe fundi walichokiona. Atafundishwa mwanafunzi, na fundi pia atafundishwa bila kudhalilishwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho shule yoyote inaweza kukifanya. Paka mafuta taa juu ya kiungo kilichochomelewa, uyaache yapenye, kisha uyapanguse hadi chuma kikauke. Baadaye sugua chaki juu yake. Pakiwa na ufa uliofika juu, mafuta yaliyojificha humo yatapanda na kuchora mstari mweusi katika weupe wa chaki. Kipimo hiki hakioni kasoro iliyozikwa ndani ya chuma. Kwa hiyo mkono ubebeshwe pia mzigo kabla ya kufungwa, mathalani mifuko ya saruji ya kilo 50, na kupimwa kama umepinda.

Serikali nayo ina wajibu wake. Mtihani wa ufundi wa serikali, wenye daraja tatu, humpima mtu. Kile anachokiunda baadaye hakipimwi na yeyote. Vyuo vya ufundi vilivyosambazwa katika maeneo bunge vina meza na mashine ambazo hufungiwa kila mwisho wa juma. Vifunguliwe siku hiyo, fundi alete mkono aliouunda, upimwe kwa ada ndogo, kisha ugongwe muhuri wa chuo na nambari ya fundi mwenyewe. Muhuri huo utamlinda abiria. Utamheshimu fundi pia, kwani kazi yake itakuwa na jina, na mwenye jina hachomelei ovyo.

Huenda baadhi ya mafundi wakaogopa kwamba wanatafutwa ili watozwe kodi au wafungiwe. Hofu hiyo ina msingi, maana mara nyingi afisa huwafikia akiwa na pingu kuliko akiwa na rula. Ndiyo sababu napendekeza mwalimu atangulie. Yeye haogopwi, na mtoto wa fundi yumo darasani mwake.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunaouzungumzia hapa hauko ukutani, na atakayeuendea mbio kesho asubuhi, akiwa amebebwa pamoja na vitabu vyake kwenda shuleni, ni mwanafunzi yule yule tuliyemfundisha kanuni ya wenzo bila kumwambia ni ya nini.